Naomba ushauri: Peugeot 504 ya mwaka 1974 inazima mchana, mafundi wananiambia nichanganye petroli na mafuta ya taa au spiriti

Mtoto wa Nyegezi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Nyegezi, Mwanza, na ninalitunza gari alilotuachia marehemu baba, Peugeot 504 ya mwaka 1974 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,971 na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Asubuhi linawaka mara moja na kufika mjini bila shida. Mchana, nikiliegesha Kirumba kwa dakika 15 hivi kisha nikaliwasha, linakwenda mita mia mbili au tatu, linakatakata, linazima, na haliwaki tena mpaka lipoe. Wiki iliyopita lilinizimia kwenye mlima wa Bugando huku nyuma yangu kuna gari la wagonjwa, na tangu siku hiyo sina amani nalo.

Fundi wa kwanza alisema nitie lita moja ya mafuta ya taa kwa kila lita nane za petroli. Wa pili akasema nitie spiriti, yaani alkoholi, kwa sababu nchi nyingine magari yanatumia petroli yenye spiriti. Plagi ni mpya, cheche ipo, filta nimebadilisha. Naomba mnishauri kabla sijamimina chochote kwenye tangi.

Mzee wa Capri Point

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Dalili unazozitaja ni za petroli kuchemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Ukizima injini, feni na maji huacha kuzunguka, na joto lote lililomo kwenye chuma hupanda kwenye pampu na kabureta; ndiyo maana linakusumbua baada ya kuegesha, wala si ukiwa safarini. Pampu yako imefungwa kwenye injini na huvuta mafuta kutoka nyuma ya gari. Kule kuvuta hupunguza mgandamizo ndani ya bomba, petroli huchemka mapema zaidi, na pampu ikijaa mvuke haina cha kusukuma. Kumbuka pia kwamba uso wa ziwa letu uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kama vile maji yanavyochemka hapa kabla ya kufika nyuzi 100, ndivyo na petroli.

Likizima tena, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba lake, ukiwa mwangalifu maji yasifike kwenye nyaya za plagi. Likiwaka baada ya dakika chache, umepata jibu. Fungua pia kifuniko cha tangi usikilize: kikivuta hewa kwa nguvu, tundu lake la kupumulia limeziba, nalo huleta dalili hizi hizi.

Fundi Igoma

Namuunga mkono Mzee. Kuhusu kuchanganya, nitasema kwa urefu kwa sababu nimefungua injini nyingi zilizoharibiwa kwa njia hiyo.

Ni kweli kwamba mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, na huenda gari likaacha kuzima. Lakini oktani yake, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, ni ndogo mno. Ukipanda mlima na mzigo, injini itagonga, na kugonga kukiendelea pistoni hupasuka au kutoboka. Yale yasiyoungua hupita kwenye ringi na kushuka kwenye oili, ambayo huwa nyepesi na kushindwa kulinda beringi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, waliweka utaratibu wa kutia kinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta yanayouzwa nchini ili uchakachuaji ugundulike. Sioni kwa nini ujichakachulie mwenyewe tangini mwako.

Spiriti ina oktani kubwa, hilo sibishi. Hata hivyo, ikitiwa kidogo, kama asilimia 10, huifanya petroli itoe mvuke mwingi zaidi, yaani utaongeza ugonjwa uleule unaoutibu. Spiriti hunyonya maji, na hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu. Maji yakizidi, hujitenga na petroli na kukaa chini ya tangi, mahali ambapo bomba huvutia. Mipira ya mafuta ya mwaka 1974 haikutengenezwa kwa ajili yake, huvimba na kupasuka. Brazili walianza kuuza magari ya spiriti tupu mwaka 1979, lakini magari hayo yaliandaliwa kwa kazi hiyo.

Tiba yake ni kulisogeza bomba mbali na ekzosi, kuweka bati la kukinga joto chini ya kabureta, na kubadilisha mipira yote. Isipotosha, funga pampu ya umeme nyuma karibu na tangi, isukume badala ya kuvuta, na iwe na swichi ya kuizima pampu hiyo pale injini inapozima.

Mama Pasiansi

Kaka, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji. Usikubali tangi limwagwe mahali ambapo mtu anachomelea, hata awe mbali.

Kijana wa Buzuruga

Vipi akifunga mfumo wa gesi? Gesi asilia haina tatizo la kuchemka.

Fundi Igoma

Ni kweli, ila vituo vyake viko zaidi Dar es Salaam. Na tafadhali, mtu asithubutu kuunganisha mtungi wa jikoni kwenye gari.

Mtoto wa Nyegezi

Nawashukuru sana. Jana lilizima tena, nikaweka kitambaa, likawaka baada ya dakika nne. Nilipochungulia nikaona bomba limefungwa kwa waya na limegusa ekzosi kabisa. Nadhani ni kazi ya gereji iliyobadilisha gasketi mwaka jana. Jumamosi ninalipeleka likahamishwe, pamoja na mipira mipya.