Intanshipu ya urambazaji wa setilaiti: niende Mbarara bila posho au nibaki Kampala nifunge traka?

Mtoto_wa_Arua

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Niko mwaka wa tatu, uhandisi wa mawasiliano, hapa Kampala. Nyumbani ni Arua, kwa hiyo Kiswahili changu kina chumvi ya Lingala, mnivumilie. Intanshipu inaanza Juni, wiki kumi, na fomu ya msimamizi inatakiwa Ijumaa.

Ninachokitafuta ni uhandisi wa mifumo ya urambazaji kwa setilaiti. Kufungua ramani kwenye simu kila mtu anaweza. Mimi nataka kujua risiva (kipokezi cha mawimbi) inajuaje iko wapi: zile saa za atomiki, obiti, mawimbi, makosa yanatoka wapi na yanasahihishwaje. Mkononi nina nafasi mbili.

Moja ni kampuni ya kufunga traka, vile vifaa vya kuonyesha chombo kiko wapi, kwenye magari na boda, hapa mjini. Nauli wanatoa, chakula cha mchana wanatoa. Kazi yenyewe ni kutambaa chini ya dashibodi.

Nyingine ni kwa mhadhiri mmoja Mbarara anayechunguza ionosfera, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, kwa risiva za GNSS (GPS na mifumo mingine ya urambazaji kwa setilaiti). Amekubali kunipokea ila hana posho hata ya soda. Chumba nimeulizia, laki moja na nusu kwa mwezi. Mzee wangu anauliza, "Yaani nikulipie uende kutazama anga?"

Nimeomba pia Ulaya na Marekani, sehemu kumi na moja. Mbili ndizo zilizojibu, zote hapana.

Mwaka jana nilipangiwa ofisi moja kubwa ya mawasiliano (siitaji jina), nikamaliza wiki nane natoa fotokopi na kuchemsha chai. Mnara nilionyeshwa siku moja, kwa dirishani. Sitaki yajirudie. Nishaurini.

---

Konda_Mstaafu

Chai uliijua vizuri lakini?

---

FundiTraka_Ndeeba

Mdogo wangu, hapo kwa "kutambaa chini ya dashibodi" umenigusa, maana ndiko ninakokula.

Nikuulize. Mteja kaleta gari, umefunga traka, umewasha, dakika tano zinapita haijui iko wapi. Utamwambia nini? Vijana wengi wanang'oa kifaa wanasema kibovu. Kumbe traka ikitoka kwenye boksi haina habari yoyote ya setilaiti. Data ya obiti ya setilaiti moja hurudiwa kila sekunde 30, na ukikosa kipande kidogo tu unasubiri mzunguko mwingine. Ujumbe mzima wa GPS, pamoja na orodha ya setilaiti zote, huchukua dakika 12 na nusu. Sasa uwe umeegesha chini ya bati la gereji, hapo utazeeka.

Halafu kuna hao madereva wanaonunua vidude vya kuziba mawimbi wakachomeka kwenye tundu la sigara. Kinachowasaidia ni kwamba setilaiti iko kilomita 20,200 juu, na mawimbi yake yakifika hapa ni dhaifu kuliko kelele ya redio yenyewe ndani ya risiva. Kidude cha ukubwa wa kidole kinatosha kuyafunika. Kumkamata dereva wa hivyo ni uhandisi, usiulize mara mbili.

Ila sitakudanganya. Ukija kwetu wiki kumi, hayo utayajua wiki mbili za kwanza. Nane zilizobaki ni nyaya, skrubu na kugombana na wateja kuhusu betri.

---

Mdau_Mwanza

Huku kwetu tunaita fildi, na ugonjwa ni ule ule wa fotokopi. Kabla hujasaini popote, uliza swali moja tu: "Nitashika nini kwa mikono yangu siku ya pili?" Siku ya kwanza wote huwa wanakutembeza. Akianza kumung'unya maneno, aga.

---

Kasarani_Wetu

Hizo barua kumi na moja zimeniuma kwa sababu mimi nilituma kumi na tisa.

Hukukosa kwa ajili ya alama. Shirika la anga la Ulaya, ESA, huchukua wanafunzi raia wa nchi wanachama wake na chache zinazoshirikiana nalo, na pasipoti ya Uganda haimo. Kule Marekani, kampuni zinazounda setilaiti za GPS zinabanwa na sheria ya ITAR inayohesabu teknolojia hiyo pamoja na zana za kijeshi, kwa hiyo wanataka raia au mwenye ukaaji wa kudumu. Hata ungekuwa wa kwanza darasani, ofisi ya uajiri haina ruhusa ya kukuonyesha michoro. Soma mistari ya uraia kwanza, mdogo wangu, kabla ya kuandika barua ya kurasa mbili kama mimi.

Milango isiyouliza hayo ipo. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia pale Trieste, Italia, huendesha warsha za GNSS na hali ya hewa ya anga, na iliundwa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama zetu. Karibu zaidi kuna RCMRD hapa Kasarani, Nairobi, kituo cha ramani cha kanda tangu 1975. Uganda ni mwanachama, na basi la usiku kutoka Kampala unalijua.

---

Bibi_Koordineti

Mimi ni mpima ardhi, Entebbe. Mwanangu, wote humu wanakuambia uende wapi. Mimi nataka kujua ukifika utakuwa unajua nini.

Nilipokuwa kwenye intanshipu yangu nilipima kibanja kwa GPS, nikachukua namba vilevile zilivyotoka nikazipachika juu ya ramani ya zamani. Mpaka ukahama kama mita 300, ukaangukia kwenye migomba ya mtu mwingine. Nilifokewa mbele ya wanakijiji. GPS husema kwa WGS84, ramani zetu za zamani ni Arc 1960; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kuhesabu mahali, na dunia ya huyu si dunia ya yule. Risiva ilikuwa sahihi kabisa. Mjinga nilikuwa mimi.

Na wewe unayetaka kwenda Mbarara utavuka ikweta. Kwenye gridi ya ramani ya UTM, Kampala iko ukanda wa 36 kaskazini, Mbarara 36 kusini, na upande wa kusini tunaongeza mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi. Kila mwaka napokea mwanafunzi ambaye pointi zake zimeruka hadi nje ya bara. Sicheki tena, nawaonyesha tu.

Kwa hiyo ukiandika barua kwa huyo mhadhiri usiseme "napenda sana anga". Mwambie umeshapakua data, umeikokotoa, na umekwama mahali fulani. Aliyekwama hupewa kazi kuliko anayependa.

---

Mtoto_wa_Arua

Bibi, webale nnyo. Data ya kupakua naipata wapi bila hela?

---

Ionosfera_Mbarara

Nilifanya shahada ya pili kwenye mambo haya, kwa hiyo nina upande.

Data iko bure. Kuna kituo cha IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vya GNSS, hapo hapo Mbarara, jina lake MBAR, na kumbukumbu zake za miaka mingi zinapakuliwa kwenye hazina ya NASA ukishafungua akaunti. Zinakuja kwa muundo wa RINEX. Programu ya kuzikokotoa ni RTKLIB, ya Mjapani Tomoji Takasu, nayo haiulizi senti. Laptopu ya kawaida inatosha.

Sasa kwa nini Mbarara. Watu wakisikia anga wanafikiria PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Vijana wetu Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke waliiunda Japani, ikarushwa kutoka Virginia Novemba 2022, na tulishangilia kwa haki. Lakini ile ilibeba kamera ya kutazama ardhi. Setilaiti za urambazaji hatuundi, na sioni tukiunda karibuni. Tulicho nacho ni anga lililo juu ya vichwa vyetu, na hilo Ulaya hawana.

Mawimbi ya GPS yakipita kwenye ionosfera huchelewa, na ucheleweshaji hutegemea idadi ya elektroni njiani. Kipimo chake ni TECU, na TECU moja huongeza sentimita 16 hivi kwenye L1, masafa makuu ya redio ya GPS. Mchana hapa kwetu, jua likiwa na nguvu kama 2024, zinapita 100. Fanya hesabu: mita 16 za kosa, na hiyo ni setilaiti iliyo utosini, achana na iliyo karibu na upeo. Kwa kuwa L1 na L2 (masafa ya pili) hazicheleweshwi sawa, risiva ya masafa mawili hulinganisha na kuondoa sehemu kubwa.

Hapo ungesema tatizo limekwisha. Subiri jua lizame. Kwenye ukanda wa ikweta ionosfera huanza kutoa mapovu, yaani mifuko yenye elektroni chache, mawimbi yakipita humo yanametameta kama nyota, na risiva inapoteza setilaiti moja baada ya nyingine hadi karibu usiku wa manane. Mifumo ya kusahihisha kama EGNOS ya Ulaya na WAAS ya Marekani ilitengenezwa kwa anga tulivu kuliko letu. Ukiileta hapa kama ilivyo inayumba. Anayetaka ndege itue kwa setilaiti katika ukanda wetu lazima kwanza aelewe mapovu haya. Ndiyo kazi ya huyo mhadhiri.

Kasoro moja ambayo pengine hakukuambia: mapovu hushamiri Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Juni hadi Agosti huwa kimya zaidi. Ukifika ukakaa kusubiri usiku wa maajabu utarudi na karatasi tupu. Omba ukokotoe data ya Machi iliyohifadhiwa, na risiva ya moja kwa moja iwe ya kujifunzia mikono.

Chumba cha laki na nusu ni cha kukaa peke yako kama waziri. Kakoba wanafunzi wanashirikiana wawili wawili.

---

FundiTraka_Ndeeba

Huyu ameniangusha kwa haki. Nenda. Ila Mei njoo Ndeeba Jumamosi mbili, nikuonyeshe antena inawekwaje na isiwekwe wapi. Chakula juu yangu, skrubu juu yako.

---

Mtoto_wa_Arua

Wakubwa, mrejesho. Nilitaka kugawa wiki nne kwa sita, mratibu wa chuo akakataa: fomu moja, msimamizi mmoja. Nimeandika Mbarara. Mhadhiri nilimtumia grafu ya siku moja ya MBAR, imejaa makosa, akajibu baada ya saa moja na mistari kumi ya kunisahihisha. Mzee nimemwambia habari ya ndege kutua Entebbe, akanyamaza, kisha akauliza nauli ni ngapi. Jumamosi zote mbili za Ndeeba nimekwenda, mgongo unajua.

---

Konda_Mstaafu

Na chai ya Mbarara ina maziwa mengi, utapandishwa cheo.

---

Mtoto_wa_Arua

Niko ndani ya basi, tumepita Kayabwe sasa hivi. Nilikuwa narekodi data ghafi kwa simu, latitudo imegeuka kutoka kaskazini kwenda kusini mbele ya macho yangu na jirani yangu ananitazama vibaya. Swali kwa Ionosfera: simu yangu inapokea L1 na masafa mapya ya L5, lakini za GPS karibu nusu hazionyeshi L5 kabisa. Simu imeharibika?

---

Ionosfera_Mbarara

Hapana. Setilaiti za GPS za vizazi vya zamani hazirushi L5. Za Galileo, mfumo wa Ulaya, zote zina E5a, na masafa ni yale yale, 1176.45 MHz. Anza na hizo. Na toa simu kwenye mfuko wa shati, iweke dirishani.