Maswali ya Kifaransa ya mteja wa dagaa yananitoa jasho, naombeni msaada

Habari za jioni wakuu. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Wateja wa Goma na Bukavu hawanisumbui, Kiswahili wanacho. Sasa nimeunganishwa na mmoja wa Kinshasa, yeye ni Kilingala na Kifaransa tu. Anatuma vimeseji vya maswali, na akituma sauti ndiyo siambulii kitu kabisa. Sitaki kusomea lugha, nataka nijue kama kauliza bei, siku au mahali. Nianzie wapi?

Mzee wa Pasiansi: Anza na combien (kombiye, mwisho upitishe puani). "C'est combien?" ni bei gani. Où (u) ni wapi, quand (ka, puani pia) lini, qui (ki) nani, quoi (kwa) nini, comment (koma) vipi, pourquoi (purkwa) kwa nini. Na jiandae na "c'est trop cher", ghali mno. Hiyo utaisikia hata ukiuza kwa hasara 😂

Dada wa Igoma: Nimeishi Bujumbura. Kwenye maongezi ya kawaida neno la kuuliza mara nyingi hukaa mwishoni, kama letu. "Tu viens quand?" unakuja lini. "Tu es où?" uko wapi. Kwa hiyo sikiliza mkia wa sentensi. Pourquoi ndiyo hutangulia. Akianza na "est-ce que" (eske), hiyo ni "je" yetu, mjibu oui (ndiyo) au non (hapana). Ila akianza na "qu'est-ce que" (keske), anauliza nini.

Sangara Mkavu: Simu zinatafsiri siku hizi, mnajitesa bure.

Dada wa Igoma: Meseji sawa. Sauti, kwa makelele ya Mwaloni yale? Itakuandikia maajabu.

Mzee wa Pasiansi: Namba sasa, maana hela ziko huko. Wakongo 70 wanasema septante na 90 nonante, kama Wabelgiji waliowatawala. Masomo mengi ya mtandaoni ni ya Ufaransa: 70 ni soixante-dix, yaani 60 na 10, na 90 ni quatre-vingt-dix, 4 mara 20 kisha 10. Bei isikie, halafu mwambie "écrivez, s'il vous plaît", aandike.

Mwenye uzi: Shukrani wakuu. Nimemuuliza "vous venez quand?" kajibu "après-demain". Demain si kesho? Nifungashe usiku huu?

Dada wa Igoma: Après-demain ni keshokutwa. Lala.