Mjadala: Binti arithi kihamba, au kibaki kwa wana wa kiume?

Mleta mada (Moshi Mjini)

Ndugu zangu, naomba tuujadili kwa utulivu mgogoro unaozuka kila mwaka katika familia nyingi za Wachagga wa Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hasa Desemba watu wanapopanda mlimani kwa sikukuu. Baba amefariki, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na makaburi, ni kimoja, wana wa kiume wapo na mabinti nao wapo. Mila inasema kihamba ni cha wanaume, ilhali sheria ya nchi inasema vingine. Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: watoto wote, wa kike na wa kiume, wawe na haki sawa ya umiliki juu ya kihamba, lakini kihamba chenyewe kisikatwe vipande. Tumekwama kwa sababu tunadhani kumpa mtu haki ni lazima kumwekea mpaka.

Nianze na mila, kwa kuwa inatajwa sana na wachache huieleza kikamilifu. Katika utaratibu wa Wachagga, mwana wa kwanza alitengewa kihamba chake mapema, mara nyingi alipooa; mwana wa mwisho alibaki na wazazi, akarithi nyumba ya baba pamoja na kihamba kinachoizunguka. Wa katikati walitafutiwa kwingine: baba alimwendea mangi, yaani chifu, akaomba eneo ambalo halijashikwa na mtu, akatoa kilichotakiwa, na ukoo ukapanuka. Binti aliolewa akapata riziki yake kwenye kihamba cha mume, na aliyeachika alirudi akapokewa na kaka zake. Utaratibu huo ulikuwa na mantiki yake na sitaki kuubeza, ila ulitegemea jambo moja, yaani kuwepo kwa ardhi ya ziada.

Ardhi hiyo haipo tena. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda kahawa kule Kilema, hapa Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19; kufikia 1925 wakulima wa kahawa walikuwa wameunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha ushirika, KNCU. Mbuni, yaani mti wa kahawa, ni zao la kudumu, na aliyekwisha kuupanda hakuwa tayari kuachia hata upenyo wa mfongo, yaani mfereji wa maji. Mamlaka ya machifu yalifutwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya watu milioni 1.8 mkoani Kilimanjaro. Hakuna mangi wa kumwendea, na hata angekuwepo asingekuwa na cha kugawa.

Sasa tupige hesabu. Babu mwenye ekari 2 akiwagawia wana 3, na kila mmoja wao akawagawia wana 3, mjukuu anabaki na chini ya robo ekari, kama mita za mraba 900 hivi, na humo humo anataka nyumba, zizi, migomba, makaburi na njia ya kupita. Katika hesabu hiyo hamna binti hata mmoja. Anayedai kwamba kuwarithisha mabinti ndiko kutakakovunjavunja vihamba anasahau kwamba vimekwisha kuvunjwa na wanaume peke yao.

Kisha ile hoja kwamba binti ataolewa aondoke. Na kaka yake je? Yuko Dar es Salaam, Mwanza au Arusha. Kihamba kinatunzwa na kijana wa kazi, nyumba ina kufuli, na geti linafunguliwa Desemba. Kama kuondoka kunamnyima mtu haki, basi kuwanyime wote wanaoondoka.

Mchangiaji wa Kibosho

Mwanangu, nimekusoma kwa makini, na hesabu yako siipingi. Lakini umekizungumzia kihamba kana kwamba ni gari au akaunti ya benki. Baba yangu na babu yangu wamelala hapa, hatua chache kutoka mlango wa nyumba ninamoandikia maneno haya, na mimea ya masale iliyopandwa mpakani na babu ndiyo iliyomaliza kila ugomvi na jirani kabla hatujaanza kutumia karatasi. Binti akirithi, watoto wake ni wa ukoo mwingine. Baada ya vizazi viwili, mahali hapa patakuwa mikononi mwa watu wasiojua ni nani amezikwa chini ya mgomba upi.

La pili ni mkwe. Binti mwenyewe simhofii; nimelea mabinti, na wananitunza kuliko kaka zao, hilo nalikiri mbele ya kila mtu. Ninayemhofia ni mume atakayemwambia, "Uza, tujenge kwetu." Tumeona maeneo ya ukoo yakinunuliwa na mgeni, migomba na miti ya miringaringa ikang'olewa, na ukuta ukajengwa mpaka ukingoni mwa mfongo ambao nyumba zote za chini zilikuwa zikiutegemea.

La tatu, huo umiliki wako wa pamoja. Watu sita wenye hati moja hawataafikiana hata juu ya kukata mti mmoja. Mimi nimesuluhisha migogoro ya ukoo kwa miaka mingi, na nakwambia kwamba ndugu hawagombani sana kwa sababu mipaka ipo. Wanagombana pale isipokuwepo.

Mchangiaji wa Arusha

Shikamoo, mzee wangu wa Kibosho. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, ninaishi Arusha, na nimeolewa. Naomba nieleze kikao cha ukoo kinavyoonekana kutoka upande wa jikoni, kwa sababu wengi wanaochangia hapa hukijua kutoka upande wa viti.

Mazishi yamekwisha. Wazee wanaketi uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapitishwa kwenye kibuyu, na mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari aandike muhtasari. Daftari hilo si la mapambo: ndilo litakalopelekwa Mahakama ya Mwanzo kuonyesha kwamba familia imempendekeza fulani awe msimamizi wa mirathi. Mabinti wakati huo wanaosha masufuria na kuhesabu sahani za kukodi. Mambo yakishaamuliwa, mzee mmoja anageuka na kuuliza, "Na ninyi mabinti, mmesikia?" Tumesikia. Majina yetu yanaandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria, tunasaini, na kuanzia hapo karatasi inaonyesha kwamba tumekubali. Bati la nyumba ya wazazi nilinunua mimi, na dawa za mama za kila mwezi zilikuwa juu yangu na dada yangu. Leo nikifika nyumbani nabisha hodi kwa mke wa mdogo wangu kama mgeni yeyote, na nikitaka kuchuma mkungu wa ndizi ni lazima niombe.

Ndiyo maana nampinga pia mleta mada, ingawa kwa sababu tofauti na za mzee. Kihamba kisipokatwa, anayeishi pale ndiye mwenye kihamba. Yeye ndiye anayevuna kahawa, anayeuza maziwa na anayepangisha chumba cha barabarani. Sisi wengine tutakuwa na majina ndani ya hati iliyofungiwa kabatini mwake. Mimi nataka changu kijulikane kilipo, hata kama ni mistari miwili ya migomba.

Mwanafunzi wa sheria, Moshi

Naomba kuuliza kwa ufupi. Sheria ya nchi mnayoitaja ni ipi hasa? Na je, baba akiandika wosia, au familia ikiwa ya Waislamu, mjadala huu unabadilika?

Mleta mada

Nianze na mwanafunzi, kwani jibu lake litatusaidia sote.

Mirathi hapa nchini haina sheria moja. Kuna sheria ya mila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna sheria ya India ya 1865 iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza; mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi ndipo iamue itumike ipi. Kwa familia ya Kiislamu, binti ana fungu lake lisilopingwa, nusu ya fungu la kaka yake, na kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kumfutia. Kwa upande wa mila, lipo tangazo la serikali la 1963 lililoziandika sheria za mila na linalotumika katika wilaya nyingi nchini: linawaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya mwana wa kwanza na wana wengine, na kuhusu ardhi ya ukoo linawapa nafasi ya kuitumia bila kuiuza.

Dhidi ya hilo inasimama Katiba ya 1977, ambayo katika ibara ya 13 inakataza ubaguzi na katika ibara ya 24 inalinda haki ya kumiliki mali. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alitoa uamuzi ambao kila mwanafunzi wa sheria atakutana nao. Mwanamke wa Kihaya alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, na mpwa wake akaenda mahakamani akidai kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Jaji aliamua kwamba mwanamke na mwanamume wana haki sawa juu ya ardhi ya ukoo, na masharti ya kuiuza ni yale yale kwa wote wawili. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mambo yamenyooka. Wajane wawili wa Shinyanga walipoiomba Mahakama Kuu ilifute lile tangazo la 1963, mahakama mwaka 2006 ilikubali kwamba ni la kibaguzi, kisha ikakataa kulifuta kwa kuhofia matokeo yake. Shauri lao lilifika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imekiuka haki zao. Kwa maoni yangu, mahakama iliyotambua ubaguzi na kuuacha ilivyoukuta ilikwepa kazi yake.

Kuhusu wosia, ndiyo, unabadilisha mengi, na katika kesi ya 1990 haki ya yule mwanamke ilianzia kwenye wosia. Shida ni kwamba wazee wetu huona kuuandika ni kujitabiria kifo.

Mzee wangu wa Kibosho, shikamoo. Hofu yako juu ya mkwe naielewa, lakini angalia ni nani ameuza hadi leo. Waliouza vihamba tunavyovifahamu wewe na mimi ni wanaume, kwa sababu wao ndio waliokuwa na cha kuuza, na wengine waliuza kwa bei ya pikipiki. Na ile hukumu ya 1990 haikuuacha ukoo mikono mitupu: iliendelea kutambua kwamba ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mgeni bila ridhaa, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Ilichokataa ni kanuni hiyo kumbana binti na kumwacha kaka.

Kuhusu watu sita wasioafikiana, sheria ya 1999 inaruhusu hakimiliki ya kimila itolewe kwa familia, si kwa mtu mmoja tu. Nashauri hati ya namna hiyo iambatane na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa baba angali hai: kwamba hakuna kuuza wala kuweka rehani bila saini za wote, kwamba anayetaka kutoka huwauzia kwanza ndugu zake, na kwamba eneo la makaburi haliguswi na yeyote.

Dada yangu wa Arusha, hoja yako ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Ni kweli kwamba anayekaa pale ndiye anayekula. Lakini mistari miwili ya migomba utaifanyia nini ukiwa Arusha? Utamwachia mdogo wako aihudumie, na baada ya muda mtarudi pale pale, safari hii mkiwa na ugomvi wa mpaka. Afadhali makubaliano yaseme bayana kwamba ndizi na maziwa ni vya anayeishi na kutunza, kwa sababu anafanya kazi. Kahawa na kodi ya chumba zigawanywe kwa hisa. Na nyumba ya wazazi iwe na chumba ambacho binti haombi ruhusa kukifungua. Familia yenye shamba la tambarare inaweza kuligawa hilo kwa mipaka, maana kule hakuna makaburi wala nyumba, na mahindi hayajali yamelimwa na nani.

Na kikao kianze na swali lililo kinyume na lile uliloulizwa. Mabinti waulizwe wanataka nini kabla daftari halijafunguliwa, na asiyekubaliana asisaini. Akisaini kwa kuona haya mbele ya wajomba na baba wadogo, hakimu atasoma saini tu.

Mchangiaji wa Kibosho

Marahaba. Hilo la makaburi na la kuuziana ndugu kwanza nalikubali, na mabinti zangu nitawaita wakae kwenye viti kama wengine. Lakini bado sijakubali hati ya familia, na nitasema kwa nini. Watoto wangu ni 6. Wakiwa na watoto wanne wanne, hati hiyo itakuwa na watu 24, nusu yao wakizaliwa katika koo nyingine na wengine wakiwa hawajawahi kufika Kibosho. Umesema hakuna kuuza bila saini za wote. Je, kuezeka upya nyumba ikivuja nako kutahitaji saini 24? Mila yetu, pamoja na makosa yake, ilikuwa na jibu la swali hilo, nalo ni mwana wa mwisho. Kama unamwondoa, niambie unamweka nani, awe wa kike au wa kiume, na ni nani atakayemchagua.

Mchangiaji wa Arusha

Mzee wangu, achaguliwe yule aliyewauguza wazazi. Kwetu angekuwa dada yangu, na sidhani kama kaka zangu wangethubutu kubisha mbele ya majirani.