Shangazi anabugia chakula, juzi nusura kimkabe. Nimwachishe dawa?

MbagalaKwetu: Habari zenu wadau. Shangazi yangu ana miaka 71, naishi naye Rangi Tatu. Anaumwa akili tangu mimi niko shule ya msingi, anatumia haloperidol. Jumapili nimempa chapati na maharage. Huwa anabugia kama daladala ya mwisho inamwacha. Tonge likakwama. Hakukohoa, hakupiga kelele, alinitumbulia macho tu, mkono shingoni. Ikabidi jirani yangu ambaye ni konda ampige mgongoni ndo likatoka. Mama mwenye nyumba anasema mashetani yake yamerudi. Mimi nawaza ni dawa. Niziache?

NesiMstaafu: Usiziache mwanangu, utamrudisha alikotoka. Lakini umewaza vizuri. Dawa za aina hiyo hukakamaza misuli, mpaka ya ulimi na koo. Anameza benzhexol pia, ile ya kupunguza huko kukakamaa? Hiyo inakausha mate, na chapati bila mate haishuki. Meno je? Mweleze daktari wake yote, yeye ndiye wa kupunguza au kubadilisha. Mwambie pia kama anakohoa akila, sauti inakuwa ya majimaji, au kifua kinamsumbua mara kwa mara, maana hapo chakula huenda kinapita njia ya hewa.

Ikikwama tena na hawezi kukohoa wala kusema: muinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Bado? Simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani kuelekea juu mara tano. Rudia hivyo hivyo. Maji usimpe, wala usichokore kooni kwa kidole kitu usichokiona. Akizimia, mlaze, anza kumkandamiza kifua, mwingine atafute gari.

Kijiko_cha_Chai: Sisi kwa babu tulificha vijiko vikubwa. Anakaa wima, TV imezimwa, mkate kwake marufuku. Ilikuwa vita, ila alizoea. Angalia na usiku, babu alikuwa anaiba mihogo mikavu jikoni.

MbagalaKwetu: Asante mama nesi. Benzhexol anameza, na meno yamebaki matatu. Kliniki ni Alhamisi, naenda naye mwenyewe, safari hii simtumi mdogo wangu kuchukua dawa tu. Jana nimempikia mtori, nikampa kijiko cha chai. Dakika arobaini, na matusi juu. Ila hajapaliwa.