Naomba kuelekezwa fundi wa vioo vya gari Dodoma, kioo cha mbele kimeingia ufa

Mama wa Nzuguni: Habari za jioni wakuu. Natoka Kibaigwa kurudi mjini, lori la kokoto likarusha jiwe likapiga kioo cha mbele cha IST yangu, upande wa abiria. Mwanzo ilikuwa alama ndogo tu. Leo gari limeshinda juani kule Mtumba, jioni nakuta ufa umeshuka urefu wa kidole. Fundi mmoja anasema kioo king'olewe chote, mwingine anasema tupake super glue yaishe. Gari hili ndilo linapeleka watoto shule, na karibuni nasafiri kwenda Singida. Kinazibika au nibadilishe? Na nimpate wapi fundi wa uhakika?

Dereva wa Kondoa: Pole sana dada. Super glue kataa kabisa, ikishakauka ndani ya ufa hakuna fundi atakayeweza kuingiza gundi inayotakiwa. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, ndiyo maana hakikumwagika chini kama vinavyomwagika vya mlangoni. Ufa ukiwa mfupi wanasukumia gundi ya majimaji kwa kifaa chake, kisha wanaikausha kwa taa. Alama utaendelea kuiona kwa mbali, ila ufa unasimama. Ukifika ukingoni, badilisha, usibembelezane nao.

Kijana wa Area C: Mpaka umpate fundi, paki kivulini na uache madirisha wazi kidogo. Usimwagie maji ya baridi kioo kilichochemka, na milango ifungwe taratibu. Jua letu la mchana na baridi ya usiku ndivyo vinavyoutembeza.

Mzee wa Spea: Anzia gereji za Kizota, uliza fundi vioo, siyo fundi bodi. Ukiambiwa kubadilisha, muulize anabandikia gundi gani. Akikutolea silikoni ya madirisha ya alumini, ondoka. Hilo nalisisitiza kwa sababu kioo cha mbele kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikifumuka inaegemea hapo hapo. Kikibandikwa ovyo kinachomoka chote. Gundi sahihi nayo inahitaji muda wa kushika, usikubali kuondoka fundi akiwa bado ananawa mikono. Kisipopatikana hapa wataagiza Dar, kwa hiyo nenda na namba ya chesisi.

Mama wa Nzuguni: Ahsanteni sana. Bima je, inahusika?

Dereva wa Kondoa: Ya third party hailipi kioo chako. Kama ni bima kubwa, soma mkataba, mara nyingi kioo cha mbele kina kiwango chake cha juu. Piga picha sasa hivi na utoe taarifa kabla fundi hajakigusa.

Mama wa Nzuguni: Ni kubwa. Picha nimeshapiga, asubuhi nawapigia bima kwanza, nikitoka hapo naenda Kizota. Mwenye fundi aliyewahi kumfanyia kazi ikadumu, tafadhali aje PM.