Mataji 18 ya Alabama: acheni kunakili namba msizozikagua!

Wakuu, imetosha sasa. Kila ukifunguliwa uzi wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, mtu anabandika "Chuo Kikuu cha Alabama, mabingwa mara 18" na mjadala unaishia hapo. Namba hiyo mnaipokea tu kama ilivyo.

Hadi miaka ya 1980 chuo chenyewe kilijihesabia mataji 6, yote ya kocha Bear Bryant: 1961, 1964, 1965, 1973, 1978 na 1979. Ndipo ofisi yao ya habari za michezo ikafukua makabrasha na kuongeza matano kwa mpigo: 1925, 1926, 1930, 1934 na 1941.

Hilo la 1941 ni aibu tupu! Mississippi State waliwapiga 14-0, Vanderbilt wakawapiga 7-0, na kwenye kura za waandishi wa shirika la habari la AP za kupanga timu bora wakamaliza wa 20. Hata SEC, ligi yao wenyewe, hawakuichukua. Minnesota mwaka huo walicheza mechi 8 wakashinda zote. Alabama wanategemea orodha ya Houlgate, iliyokokotolewa kwa hesabu za mtu mmoja.

Mwaka 1973 makocha wanaopiga kura ya UPI, shirika jingine la habari, walipiga kura ya mwisho kabla ya bowl, yaani mechi maalumu za kufunga msimu. Alabama wakapewa taji, halafu tarehe 31 Desemba Notre Dame wakawafunga 24-23 kwenye Sugar Bowl. Taji halikurudishwa. UPI waliona fedheha hiyo, na kuanzia 1974 wakawa wanasubiri bowl ziishe. Mwaka 1964 ilikuwa hivyohivyo: taji mkononi, kisha Texas 21, Alabama 17. La 1965 ni halali, maana AP walisubiri bowl ziishe, na Alabama waliokuwa wa 4 wakaichapa Nebraska 39-28.

Kinachouma zaidi ni 1966. Walishinda mechi zote 11, wakawekwa wa 3 nyuma ya Notre Dame na Michigan State waliotoka sare ya 10-10. Huo hawaudai! Wanang'ang'ania 1941 waliofungwa mara mbili, wanaacha msimu ambao hawakufungwa kabisa.

Kabla ya kubandika namba, tazama nani aliyetoa taji, kura ilifungwa tarehe gani, na bowl iliishaje. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, haitoi taji la ngazi hii. Inaorodhesha tu waliochagua mabingwa na timu walizozichagua. Anayetetea 1941 alete matokeo ya mechi hapa, picha za mabango hatuzitaki.