Vitabu viwili, baruti moja, viwango tofauti vya juu: tufuate kipi?

Mwana wa Ngamiani (Tanga)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mdogo wangu anaishi Marekani, ambako mwindaji anaruhusiwa kujijazia risasi zake nyumbani. Mwezi huu amekuja likizo hapa Tanga na vitabu viwili vya mwongozo, na vitabu hivyo vimetukalisha barazani hadi usiku. Vyote vinaeleza risasi ya .308 Winchester yenye kichwa cha greni 168 na baruti inayoitwa 4895, lakini kiwango cha juu cha baruti katika kimoja kinakizidi cha kingine kwa greni mbili na nusu. Kwa asiyezoea kipimo hicho, gramu moja ni kama greni 15 na nusu.

Mimi nasema kitabu kimoja kimekosea. Yeye anasema salama ni kuchukua wastani wa vyote viwili, na ameshauandika kwenye karatasi. Naeleza mapema kwamba huku kwetu silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wala sikusudii kutengeneza chochote. Ninachotaka ni ndugu yangu asije akaumia huko aliko.

Mtoto wa Chumbageni (ughaibuni)

Ndugu yangu, nimejaza risasi kwa miaka kadhaa huku niliko, na jambo la kwanza ninaloomba umwambie mdogo wako ni kwamba ule wastani auache kabisa. Namba iliyo kitabuni si sifa ya baruti peke yake. Ni taarifa ya jaribio moja, lililofanywa kwa ganda fulani, fataki fulani (kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti), kichwa fulani na mtutu fulani, siku fulani. Ukichukua wastani wa majaribio mawili unapata namba ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Nikupe mfano nilioushika kwa mkono. Nilichukua maganda mawili ya .308 yaliyokwishatumika, moja la kiraia na jingine la kijeshi, nikayapima matupu kwenye mizani, kisha nikayajaza maji hadi mdomoni kwa bomba la sindano na kuyapima tena. La kijeshi lilikuwa zito zaidi lilipokuwa tupu, lakini lilichukua maji pungufu kwa zaidi ya greni mbili, kwa sababu kuta zake ni nene na nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ileile ikiwaka katika nafasi iliyobana, kanieneo, yaani msukumo wa gesi ndani ya ganda, hupanda haraka zaidi.

Vichwa navyo havilingani kwa kuwa tu uzito wake ni mmoja. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye madini ya risasi ndani, kwa kuwa shaba ni nyepesi, na urefu huo mara nyingi huingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Kuna pia kina cha kukalisha kichwa, eneo linalosugua mifuo (mikato ya ndani) ya mtutu, na nguvu ya fataki. Mtutu wa maabara huchongwa kwa vipimo vya kubana, ilhali bunduki ya dukani huenda ikawa na chemba pana kidogo. Kwa hiyo vitabu viwili vinaweza kutofautiana na vyote vikawa vimesema kweli.

Mwalimu wa Fizikia (Muheza)

Naongeza la upimaji, maana hapo ndipo wengi huteleza. Zamani kanieneo ilipimwa kwa kipande kidogo cha shaba kilichominywa na gesi ya baruti, na kiasi kilichominyika ndicho kilichogeuzwa kuwa namba. Baadaye kikaja kipimo cha fuwele kinachotoa umeme kinapobanwa. Kwa .308 Winchester, kikomo cha Marekani kwa njia ya shaba ni 52,000 kwa kizio chake chenyewe, na kwa njia ya fuwele ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Mtu akilinganisha kitabu cha zamani na cha sasa bila kujua hili, atadhani cha zamani kina tahadhari zaidi, kumbe namba zote mbili zinaeleza kikomo kilekile. Ulaya nako wana taasisi yao, CIP, na kikomo chao kwa risasi hii ni bari 4,150, bari ikiwa kizio kingine cha kanieneo.

Joto pia lina nguvu. Majaribio hufanywa katika joto la kawaida la chumba, karibu digrii 21. Risasi iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hupata joto la mbali sana na hilo, na baruti nyingi hutoa kanieneo kubwa zaidi zikiwa na joto.

Mwana wa Ngamiani (Tanga)

Nawashukuru sana. Baada ya kuwasoma tulirudi kwenye vitabu, safari hii tukasoma hata maandishi madogo ya juu ya jedwali. Kimoja kinasema IMR 4895 na kingine H4895. Sisi tulikuwa tunasoma namba tu.

Mtoto wa Chumbageni (ughaibuni)

Alhamdulillahi mmeliona kabla hajarudi. Hizo ni baruti mbili tofauti zenye namba moja, na jedwali la moja halitumiki kwa nyingine hata siku moja. Ndivyo ilivyo pia kwa IMR 4350 na H4350.

Akifika kwake asome jina lote lililo kwenye kopo lake, kisha achague jedwali lenye baruti hiyo hasa na kichwa alichonacho hasa, akilinganisha pia ganda na fataki. Aanzie kiwango cha chini kilichoandikwa humo na kupanda kidogo kidogo, bila kushuka chini yake, maana baruti ikipungua mno kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Komeo la bunduki likianza kuwa gumu kufunguka, au fataki zikitoka zimebapa kupita kawaida, asimame hapohapo hata kama kitabu kinamruhusu kuendelea. Na mezani kwake liwepo kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Mengine yabaki kabatini.

Mwana wa Ngamiani (Tanga)

Nimemsomea yote haya neno kwa neno. Ile karatasi ya wastani ameichana mbele yangu.